Bunge la jimbo na gharama za nishati jadidifu: ukomo, ripoti, mkaguzi au kuingilia moja kwa moja?

Nchini Marekani, suala la kiasi gani cha umeme kitoke kwenye jua na upepo limeamuliwa zaidi na majimbo kuliko na serikali ya shirikisho. Bunge la jimbo hupitisha sheria inayosema, kwa mfano, nusu ya umeme unaouzwa iwe ya nishati jadidifu ifikapo mwaka fulani. Baada ya hapo fedha hazipiti tena bungeni, na ugumu wote unaanzia hapo. Barabara na shule hurudi kila msimu wa bajeti, mbunge akapiga kura ya ndiyo au hapana. Mpango wa nishati jadidifu unalipwa na mteja kupitia bili: kampuni ya umeme inanunua vyeti vya nishati jadidifu (uthibitisho kwamba kiasi fulani cha umeme kimetoka kwenye vyanzo hivyo) au inasaini mkataba wa miaka 15 au 20, tume inayodhibiti bei inaidhinisha kampuni irudishiwe gharama yake, kisha tozo inaingia kwenye bili. Mbunge aliyepiga kura mwaka 2008 anaweza kumaliza vipindi vyake vyote bila kuulizwa tena kuhusu fedha hiyo.

Mabunge ya majimbo yamejaribu njia nne za kuziba pengo hilo: kuweka ukomo wa gharama ndani ya sheria, kudai ripoti ya kila mwaka, kutuma mkaguzi, na kuingilia mpango moja kwa moja kwa sheria mpya. Ninazilinganisha kwa ajili ya mtu anayepaswa kuchagua: mjumbe wa kamati ya nishati, mtumishi wa bunge anayeandaa mswada, mtetezi wa walaji, au mwananchi anayetaka kujua adai nini kwa mbunge wake. Msimamo wangu nausema mapema. Njia zote nne hushindwa kwa sababu moja, nayo ni kuanza kudhibiti gharama kabla ya kukubaliana gharama hiyo inahesabiwaje.

## Gharama ipi?

Tuchukue hesabu ya mfano. Kampuni imesaini kununua umeme wa upepo kwa dola 60 kwa megawati-saa, na umeme wa aina nyingine ungepatikana sokoni kwa dola 45. Anayepinga mpango ataandika 60 kwenye kipeperushi chake. Anayeutetea ataandika 15, kwa sababu umeme ungenunuliwa tu hata kama sheria isingekuwepo. Mhandisi wa gridi ataongeza gharama ya njia za kufikisha umeme huo mjini na ya mitambo inayosubiri siku isiyo na upepo. Mchumi naye atapunguza, kwa kuwa upepo ukivuma sana bei ya soko zima hushuka. Wote wanne wanaweza kuwa wakweli. Sheria isiyosema hesabu ya nani itatumika inaiachia tume ichague, na katika uchaguzi huo mdogo ndimo bunge linapopoteza usimamizi wake.

## Ukomo ndani ya sheria

Hii ndiyo njia maarufu zaidi, na ndiyo yenye sura nyingi zaidi. Majimbo yanapima ukomo kwa vipimo ambavyo havifanani hata kidogo.

| Jimbo na mwaka wa sheria | Kipimo | Kiwango |
|---|---|---|
| North Carolina, 2007 | Dola kwa akaunti kwa mwaka | Nyumbani: 10, kisha 12, kisha 34, ikashushwa hadi 27 mwaka 2017 |
| Michigan, 2008 | Dola kwa mita kwa mwezi | Nyumbani: 3 |
| Illinois, 2007 | Asilimia ya bei ya kilowati-saa ya mwaka wa msingi | 2.015, ikapandishwa hadi 4.25 mwaka 2021 |
| New Jersey, 2018 | Asilimia ya fedha zote ambazo wateja wanalipia umeme | 9 hadi mwaka 2021, kisha 7 |
| Maryland, 2013 (upepo wa baharini) | Dola kwa nyumba kwa mwezi, kwa thamani ya 2012 | 1.50 |
| Virginia, 2020 (upepo wa baharini) | Mara ngapi ya gharama ya umeme wa mtambo wa gesi | 1.4 |

Kwa uwazi, North Carolina na Michigan zinaongoza. Mama mwenye nyumba anaielewa dola 27 kwa mwaka bila kuelezwa na mtaalamu, na mbunge anaweza kuitaja jukwaani akaeleweka. Sheria ya North Carolina pia inajibu swali ambalo miswada mingi huliruka: ukomo ukifikiwa, nini kinatokea? Kule, kampuni iliyofikia ukomo inahesabiwa kuwa imetimiza wajibu wake hata kama asilimia ya nishati jadidifu haijafika. Mzigo hauhamishiwi mwaka ujao kimyakimya.

Lakini jimbo hilohilo ndilo linaloonyesha udhaifu mkubwa wa njia hii. Ukomo wake unagusa gharama ya nyongeza tu, yaani ile inayozidi bei ambayo kampuni ingelipa kwa umeme wa kawaida. Wakati huohuo, mashamba mengi ya sola ya North Carolina yalijengwa kwa mikataba inayotokana na sheria ya shirikisho ya 1978 iitwayo PURPA, ambayo inailazimisha kampuni ya umeme kununua kutoka kwa wazalishaji wadogo kwa bei iliyokadiriwa ya umeme ulioepukwa, yaani ule ambao kampuni ingelazimika kuzalisha au kununua kwingine. Makadirio yale yalifungwa kwa miaka 15. Bei ya gesi ikashuka baadaye, bei ya mkataba ikabaki palepale. Kwa miaka kadhaa jimbo likawa la pili kwa sola nchini nyuma ya California, na sehemu kubwa ya fedha hiyo haikuwahi kupita chini ya ukomo ambao wabunge walikuwa wakiulinda. Mwaka 2017 bunge lilipogundua, lilifupisha mikataba ya kawaida kuwa miaka 10, likapunguza ukubwa wa miradi inayostahili, na kuelekeza miradi mikubwa kwenye zabuni za ushindani. Hatua nzuri, ila ilichukua miaka 10 tangu sheria ya kwanza.

Illinois inafundisha kitu kingine. Ukomo wake ulifungwa kwenye bei ambazo wateja walilipa mwaka 2007. Kipimo cha namna hiyo kinaonekana imara siku kinapoandikwa, kisha kinachakaa kila mwaka bila mtu kukigusa. Juu ya hayo, kwa miaka ya mwanzo fedha za wateja waliohamia kwa wauzaji wengine wa umeme ziliingia kwenye mfuko wa serikali ya jimbo, na bunge likachota humo kuziba matobo ya bajeti ya kawaida. Hilo linaniuma kuliko kasoro ya hesabu, kwa sababu mteja alitozwa kwa jina la nishati jadidifu na fedha yake ikaenda kwingine kwa kura ya walewale waliopaswa kuilinda. Sheria ya 2016 ilirekebisha njia ya kukusanya, lakini kufikia 2020 na 2021 bajeti ya programu ya sola ilikuwa imejaa ahadi, miradi mipya ikasimama, na mafundi wakabaki bila kazi mpaka ukomo ulipopandishwa.

New Jersey ilichagua asilimia ya fedha zote zinazolipiwa umeme. Kipimo hiki kina faida: umeme ukipanda bei kwa ujumla, nafasi inapanuka. Hasara yake ni hiyohiyo. Gesi ikipanda, ukomo wa nishati jadidifu unapanda nayo, ingawa jua halijapanda bei. Pia vyeti vya sola vya zamani, ambavyo kwa miaka mingi viliuzwa zaidi ya dola 200 kimoja, vilikula sehemu kubwa ya nafasi kabla ya miradi mipya na ya bei nafuu haijafika mezani. Ukomo wa jumla haubagui kati ya ahadi ya ghali ya jana na ahadi ya rahisi ya leo.

Virginia ndiyo ningemshauri mtu asiige. Sheria ya 2020 inasema gharama za mradi mkubwa wa upepo baharini zichukuliwe kuwa za busara iwapo gharama ya umeme wake haizidi mara 1.4 ya ile ya mtambo wa gesi wa kulinganishwa. Yaani bunge liliandika ukomo, lakini kwa lugha inayoufanya kuwa kibali: ukiwa chini ya mstari, mdhibiti hana mengi ya kuuliza. Mradi wenyewe, wenye mitambo 176 na uwezo wa takriban megawati 2,600, ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 9.8. Kinga ya kweli ya mteja haikutoka kwenye sheria hiyo. Ilitoka kwenye makubaliano ya mwaka 2022 mbele ya tume: sehemu ya gharama iliyo kati ya bilioni 10.3 na 11.3, wenye hisa na wateja waigawane nusu kwa nusu. Kutoka hapo hadi 13.7, kampuni ibebe yote. Mwaka 2025 makadirio yalipopanda hadi bilioni 10.7, ngazi hizo zikaanza kufanya kazi. Mgawanyo wa hasara kwa ngazi ni kinga bora kuliko mstari mmoja, kwa sababu unamfanya mjenzi ahisi uchungu kabla ya mradi kuharibika kabisa.

Maryland iko katikati. Dola 1.50 kwa mwezi ilipimwa kabla ya mkataba, tume ikakataa chochote kinachozidi, na miradi miwili iliyoidhinishwa 2017 ilikaa chini yake. Bei za vifaa na riba zilipopanda, mmoja wa wajenzi alijiondoa Januari 2024 akisema malipo hayatoshi tena. Mteja hakulipa zaidi, na umeme haukujengwa. Anayechagua ukomo mkali akubali tangu mwanzo kwamba hilo ni tokeo halali la chaguo lake.

## Ripoti ya kila mwaka

California ina mfano unaojulikana zaidi. Sheria ya 2011, iliyoletwa na Alex Padilla alipokuwa seneta wa jimbo, inaitaka tume ya huduma za umma ipeleke bungeni kila mwaka bei za mikataba ya nishati jadidifu. Bei hutolewa kwa jumla, kwa aina ya teknolojia na kwa kampuni, ili siri za zabuni zisivuje. Kwa miaka ya mwanzo mikataba ya sola ilikuwa ghali sana; ripoti zilizofuata zikaonyesha bei za mikataba mipya zikiporomoka. Pasipo mfululizo huo, mjadala ungebaki kwenye mikataba ya ghali ya zamani, maana ndiyo inayokumbukwa.

Jimbo hilo pia lina ripoti nyingine, ya sheria ya 2009, inayoangalia bili yote: nishati, nyaya, kinga dhidi ya moto wa misitu, misaada kwa wenye kipato kidogo. Kama ningelazimika kuchagua moja kati ya hizi mbili, ningechukua hii ya pili. Gharama ya nishati jadidifu ikisomwa peke yake huonekana kubwa au ndogo kulingana na anayeisoma. Ikiwekwa kando ya gharama ya nyaya na ya moto, inapata ukubwa wake halisi.

Hata hivyo California nayo ilikuwa na kitu nje ya ripoti ya Padilla. Sola za juu ya paa hazilipwi kwa mkataba. Mwenye nyumba anapunguziwa bili kwa umeme anaouingiza kwenye gridi, na kwa miaka mingi alipunguziwa kwa bei ya rejareja. Ofisi ya watetezi wa walaji iliyo ndani ya tume ilikadiria kwamba mwaka 2024 wateja wasio na sola walibeba dola bilioni 8.5 kwa ajili hiyo. Wenye viwanda vya sola wanaipinga hesabu hiyo vikali, wakisema imeacha faida za gridi. Tume ilibadilisha mfumo Desemba 2022, na kanuni mpya zikaanza kutumika kwa maombi yaliyoletwa kuanzia Aprili 15, 2023. Uwe upande wowote wa ubishi huo, utakubali kwamba kiasi cha mabilioni kilijadiliwa kwa muda mrefu nje ya ripoti ambayo bunge liliiomba ili lijue gharama.

Udhaifu mwingine wa ripoti ni kwamba inaweza kusema ukweli nusu na bado ikawa sahihi. Ohio, kwa sheria ya 2014, iliagiza kampuni zionyeshe kwenye bili gharama ya nishati jadidifu na ya matumizi bora ya umeme kwa mistari yake. Uwazi ni jambo jema. Lakini gharama nyingine za bili hazikupata mistari yao, wala akiba iliyotokana na matumizi bora haikuandikwa. Mteja aliona jina moja tu la kulaumu.

Ripoti haina nguvu ya kuzuia chochote. Nguvu yake ni ya kumbukumbu, na inategemea kamati kuisoma hadharani na kumwita aliyeiandika aeleze. Katika majimbo ambayo wabunge hukaa vikao vya miezi michache kwa mwaka na wana watumishi wachache, ripoti nyingi huishia kwenye tovuti.

## Mkaguzi

New York ilianza kwa njia tofauti. Mpango wake wa 2016 ulitoka kwenye amri ya tume ya huduma za umma, kisha bunge likaja na sheria ya tabianchi ya 2019 yenye malengo makubwa: asilimia 70 ya umeme iwe jadidifu ifikapo 2030, na umeme usiotoa hewa ukaa kabisa ifikapo 2040. Sheria hiyo haikuweka ukomo wa gharama kwa mteja. Iliipa tume kazi ya kupitia mpango kila miaka miwili na uwezo wa kusimamisha au kurekebisha wajibu pale huduma ya umeme inapotishiwa.

Julai 2024, mdhibiti wa hesabu za jimbo, Thomas DiNapoli, alitoa ukaguzi wake. Ofisi hiyo ni ya kuchaguliwa kwa kura, haiko chini ya gavana wala tume. Ukaguzi ulikuta kwamba gharama za kufikia malengo hazikuwa zimekadiriwa ipasavyo, kwamba baadhi ya mipango ilitegemea data zilizopitwa na wakati, na kwamba zaidi ya wateja wa umeme hakukuwa na chanzo kingine cha fedha kilichoainishwa. Mwezi huohuo rasimu ya mapitio ya tume na wakala wa nishati wa jimbo ilionyesha kwamba asilimia 70 ingefikiwa karibu 2033.

Hiki ni kitu ambacho ukomo na ripoti haviwezi kutoa. Ripoti huandikwa na yule anayeendesha mpango. Mkaguzi anakuja na maswali yake mwenyewe, anaingia kwenye mafaili, na hana mkataba wa kuutetea. Virginia inayo taasisi ya namna hiyo ndani ya bunge lenyewe, JLARC, iliyoundwa 1973, yenye wachambuzi wa kudumu wanaofanya kazi kwa wabunge wa vyama vyote.

Tatizo la mkaguzi ni muda. Kati ya sheria ya New York na ukaguzi wake ilipita miaka mitano. Mikataba ya miaka 20 na zaidi ilikuwa imeshasainiwa. Mkaguzi anayekuja baada ya wino kukauka anaweza kuandika historia nzuri, ila fedha imeshaahidiwa. Kwa hiyo anayechagua njia hii aiandike tarehe ya ukaguzi wa kwanza ndani ya sheria yenyewe, na iwe kabla ya awamu ya pili ya zabuni.

## Bunge kuingilia moja kwa moja

Njia ya nne ni bunge kurudi na sheria mpya: kushusha lengo, kusimamisha, kuondoa tozo au kuongeza. Kikatiba ni haki yake, na wakati mwingine ni lazima. Mwaka 2025 bunge la North Carolina liliondoa lengo la kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 70 ifikapo 2030, likashinda kura ya turufu ya gavana, na kubakiza lengo la 2050. Waliounga mkono walisema wateja wataokoa fedha. Waliopinga wakasema jimbo linajifunga kwenye gesi ambayo bei yake haitabiriki. Yote mawili ni hoja za gharama, na mpiga kura anajua nani alipiga kura gani.

Ohio ni upande mwingine wa shilingi. Sheria yake ya 2008 iliweka asilimia 12.5 ya nishati jadidifu na ukomo wa gharama wa asilimia 3. Mwaka 2014 bunge likasimamisha kwa miaka miwili na kuunda kamati ya kuchunguza gharama, na kamati ikapendekeza usimamishaji usio na mwisho. Kisha ukaja mswada wa Baraza la Wawakilishi la Ohio namba 6 wa mwaka 2019, ulionadiwa kama nafuu kwa mteja: nishati jadidifu ikashushwa hadi asilimia 8.5 na mpango wa matumizi bora ukafutwa. Ndani ya mswada huohuo mliwekwa tozo mpya ya takriban dola milioni 150 kwa mwaka kwa vinu viwili vya nyuklia, pamoja na msaada kwa mitambo miwili ya zamani ya makaa ya mawe, mmoja ukiwa nje ya jimbo. Waendesha mashtaka wa shirikisho walionyesha kwamba takriban dola milioni 60 za kampuni ya umeme ya FirstEnergy na washirika wake zilipitia kundi la siri lililodhibitiwa na spika wa Baraza, Larry Householder. Kampuni ilikubali mwaka 2021 kulipa faini ya dola milioni 230. Householder alitiwa hatiani Machi 2023 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 20. Ruzuku ya nyuklia ilifutwa 2021; ile ya makaa ya mawe iliendelea mpaka sheria ya 2025 ilipoikomesha.

Nimeliweka suala hili kwa urefu kwa sababu mara nyingi usimamizi wa bunge huzungumzwa kana kwamba bunge ndilo mlinzi wa asili wa mteja. Ohio ilikuwa na tume, ukomo, kamati ya uchunguzi na mistari kwenye bili. Kilichokosekana ni mtu asiye na maslahi wa kuhesabu mswada wote, pamoja na tozo zilizoongezwa, kabla ya kura.

Mwaka 2023 ulitoa ulinganisho mwingine, majimbo mawili jirani na tatizo moja. Wajenzi wa upepo baharini walisema bei walizokubali haziwezi tena kulipia mitambo. Huko New Jersey bunge liliingilia: lilipitisha sheria ya kuiruhusu Ørsted, kampuni ya ujenzi wa upepo baharini, ibaki na nafuu ya kodi ya shirikisho ambayo ingepaswa kurudi kwa wateja. Oktoba 31 kampuni ikafuta miradi yake miwili hata hivyo. Huko New York wajenzi walienda kwa tume, si kwa bunge, wakiomba nyongeza ambayo pamoja na maombi mengine ilikadiriwa kufikia dola bilioni 12. Tume ilikataa Oktoba hiyohiyo na kuwaelekeza warudi kwenye zabuni. Miradi miwili ilirudi, ikashinda kwa wastani wa dola 150.15 kwa megawati-saa, wakati mikataba ya awali ilikuwa 118.38 na 110.37. Kukataa hakukuleta bei rahisi. Kulichofanya ni kuleta bei iliyoonekana na watu wote, ikashindanishwa na wengine, badala ya nafuu iliyopitishwa kwa haraka kwa ajili ya mradi mmoja.

## Uchague ipi?

Inategemea mpango ulio mbele yako.

Kama ni wajibu wa kawaida wa kununua vyeti na umeme kutoka miradi mingi midogo na ya kati, chukua ukomo wa dola kwa akaunti kwa mtindo wa North Carolina. Uandike wazi kinachotokea ukifikiwa, na uweke tarehe ya kuupitia upya ili usichakae kama wa Illinois. Usiuweke kwa asilimia ya bei ya mwaka uliopita zamani.

Kama ni mradi mmoja mkubwa wa mabilioni, ukomo wa mstari mmoja hautoshi. Dai mgawanyo wa hasara kwa ngazi kati ya wenye hisa na wateja, na ukatae kifungu chochote kinachosema gharama "zitachukuliwa kuwa za busara". Kifungu hicho kikishapita, hakuna ripoti wala mkaguzi atakayekurudishia ulichotoa.

Kama ni sola za juu ya paa, ukomo hausaidii sana kwa sababu hakuna manunuzi ya kuzuia. Hapo anza na ripoti ya bili nzima inayoonyesha nani anamlipia nani, kwa makundi ya kipato, na hesabu zote mbili, ya ofisi ya walaji na ya wenye sekta, ziwekwe ukurasa mmoja.

Kama mpango tayari unaendelea na malengo hayana ukomo, kama New York, tuma mkaguzi kwanza. Ukomo unaowekwa katikati ya safari bila hesabu ya mikataba iliyopo utakula miradi mipya ya bei nafuu na kuziacha za zamani, kama ilivyotokea New Jersey.

Na kama hoja iliyopo mezani ni bunge kuingilia moja kwa moja, weka sharti moja kabla ya kuiunga mkono: mswada wote uhesabiwe na chombo kisichoomba chochote kutoka kwenye mswada huo, na hesabu iwe mezani kabla ya kura ya mwisho. Tozo inayoondolewa na tozo inayoongezwa zisomwe kwenye karatasi moja.

Kwa bunge linaloanza upya, lenye nafasi ya kupanga mambo kwa mfuatano, ningeweka hivi. Sheria yenyewe itaje gharama kwa namna tatu, bila kuiachia tume ichague: fedha yote inayolipwa kwa wazalishaji, tofauti yake na umeme ambao ungenunuliwa vinginevyo, na gharama za gridi zinazotokana na miradi hiyo. Njia zote ambazo fedha ya mteja hupita zihesabiwe, ikiwemo mikataba ya shirikisho na mapunguzo ya wenye sola. Ripoti ya kwanza ije ndani ya mwaka mmoja, mkaguzi ndani ya miaka miwili akiwa na ruhusa ya kusoma mikataba yenye siri, na ukomo wa dola kwa akaunti uwekwe baada ya mkaguzi kusoma, ukihusu mikataba mipya tu. Katika miaka hiyo miwili ya kusubiri, mikataba inayozidi miaka 10 isisainiwe bila kuletwa mbele ya kamati.

Wapo watakaosema mpangilio huu unachelewesha miradi. Unachelewesha, ndiyo, na mjenzi mwenye mkopo wa benki anaumia kwa kila mwezi unaopita. Ila Illinois ilipoteza muda kama huo baadaye, programu ikiwa imesimama na mafundi wakiwa wameshaajiriwa. Naona heri kuchelewa kabla watu hawajaacha kazi zao za zamani wakitegemea mpango huu.